Bafe au ukumbi wa vitambaa vyeupe? Jibu kwa dada anayempandisha mama yake meli

Swali: "Habari kaka. Niko Dallas na mume wangu na watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 6. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga, ana miaka 67, ana kisukari anatumia vidonge, na anakula halali tu. Desemba tumekata meli ya siku 7 kutoka bandari ya Galveston hapa Texas, inapita Cozumel na Costa Maya za Meksiko, na Roatán ya Honduras. Wakati wa kubuku wakaniuliza chakula cha usiku ukumbini tunataka 6:00 au 8:15, nikakwama hapo. Mume wangu anasema tusijisumbue twende bafe kila siku, ule ukumbi ni wa matajiri na masuti, tutatozwa zaidi, halafu mama atajisikia vibaya maana hajazoea uma na kisu. Mwenzangu kazini naye kanitisha kwamba bafe ya meli ndiko watu wanakopatia kuharisha. Mama mwenyewe ukimuuliza anasema popote mtakapokula na mimi nitakula. Nifanyeje?"

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama. Swali la bafe au ukumbi naulizwa sana, ila hili lako lina kitu kimoja umekiandika kwa mkono wako mwenyewe na hujakiona, nitakifikia. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za utalii miaka tisa, nilianza bafe kwa kukusanya sahani chafu na kufuta meza, nikaishia weita wa ukumbi mkubwa, siku hizi nawapangia watu safari, kwa hiyo sehemu zote mbili nimeziona kutokea jikoni, sio kwenye picha.

Tuanze na pesa maana ndiyo nyepesi. Nauli uliyolipa imeshabeba vyote viwili. Ukiingia ukumbi mkuu ukala supu, saladi, samaki, keki, ukatoka zako, hakuna bili inayokufuata kabini. Mumeo nadhani amechanganya na vile vimgahawa vidogo vya ndani ya meli, vya steki, vya sushi, hivyo ndio vya kulipia pembeni na kweli bei zake sio za mchezo. Kwenye ukumbi mkuu utakacholipia ni soda na pombe, na siku hizi kampuni kadhaa wanatoza kidogo mtu akitaka mlo mkuu wa tatu au mkia wa pili wa kamba koche, lakini maji, mkate, chai na kahawa ya kawaida haviguswi. Na kuna jambo wengi hawalijui, ile tipu ya wafanyakazi inayokatwa kila siku kwenye akaunti ya kabini, meli nyingi za soko la Marekani ni kama dola 16 mpaka 20 kwa kichwa kwa siku, watoto wako nao wamo, inakatwa hata kama hujawahi kukanyaga ukumbini. Nyie watu watano kwa siku saba hiyo inakwenda kati ya dola 560 na 700. Sehemu ya hizo hela ni za weita wa ukumbini, kwa hiyo mkila bafe wiki nzima mmemlipa mtu mshahara halafu hamjamtuma kitu.

La masuti sasa. Mumeo hajalitoa hewani, zamani meli zilikuwa na madaraja na daraja la kwanza walikuwa wanashuka kula wamevaa kama wanaenda harusini, na mpaka leo ziko kampuni zinazoshikilia. Queen Mary 2 ya Cunard, ile inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, usiku wa gala wanataka suti nyeusi au tuksedo, na asiyetaka kuvaa anaelekezwa kwenye sehemu chache tu za meli, bafe ikiwemo. Upande wa pili kuna kampuni ya Norwegian, ambao kuanzia mwaka 2000 walikuja na mtindo wa kula saa unayotaka na umevaa kawaida. Hizi za Galveston ziko katikati. Kwenye siku saba kwa kawaida kuna usiku mbili za kupendeza na zilizobaki ni nguo za kawaida, shati na suruali au jinzi isiyochanika, gauni la kutokea. Wanachokataa ukumbini ni nguo za kuogelea, singlendi, kofia za kapelo, ndala za kuogea. Hata hizo usiku mbili za kupendeza, shati la mikono mirefu na suruali nzuri linaingia, na mara nyingi utakuta meza ya jirani mtu wa Texas amekuja na buti zake na mkanda wenye bizimu kubwa kama sahani ya kikombe. Vazi la kitaifa linapokelewa kama vazi rasmi. Mumeo akiwa na kanzu yake safi na koti juu, au mama akiwa na gauni la kitenge na mtandio, nyie ndio mtakaopigwa picha, sio watakaozuiliwa mlangoni.

Na uma na kisu ndugu zangu tusikuze mambo. Vya nje vinatangulia, unaingia ndani kila sahani inapobadilika, mkate wako uko kushoto, glasi yako iko kulia, somo limeisha. Ukikosea weita anakuletea kingine bila hata kukuangalia usoni, hiyo ni kazi yake ya kila siku. Mama akitaka kula wali wake kwa mkono ale. Unajua hao maweita ni akina nani? Wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, na kule chini kwenye mesi ya wafanyakazi wali hauondoki mezani asubuhi mchana usiku, na wengi wetu tulikuwa tunaula kwa mkono. Nakumbuka bibi mmoja alianza kuchambua samaki kwa vidole huku mwanawe anamkanyaga mguu chini ya meza, mwenzangu wa Kerala akaenda jikoni akarudi na bakuli la maji ya uvuguvugu na kipande cha limau ndani, akaliweka pembeni ya sahani ya bibi, akaondoka. Yule mtoto wake ndiye aliyeona aibu ya kuona aibu.

Haya, kuharisha. Mwenzako wa kazini ana nusu ya ukweli. Kirusi kinachotajwa sana kwenye meli kinaitwa norovairasi, ni cha kutapika na kuharisha, na kinasambaa kirahisi kweli kweli, chembe kidogo tu zinatosha. Bafe inakisaidia kwa njia moja kubwa, koleo la kuchotea. Watu mia nne wanashika koleo lile lile la saladi ndani ya saa moja, mmoja tu katoka chooni hajanawa, basi. Ukumbini sahani yako inashikwa na mpishi na weita peke yao. Lakini usidhani ukumbini uko salama kama hospitali, maana kirusi hicho kinashikwa pia kwenye vitasa, reli za ngazi, vitufe vya lifti, na wewe mwenyewe unakipeleka mezani unapomega mkate. Kwa hiyo kinachokulinda ni maji na sabuni. Sio sanitaiza! Hapa ndipo wengi wanakosea, sanitaiza ya pombe haikiwezi vizuri hiki kirusi, utawaona watu wanapaka kimwagio kimoja mlangoni halafu wanaenda moja kwa moja kwenye koleo. Siku hizi meli nyingi zimeweka masinki kabisa kwenye mlango wa bafe, watoto wako wakiyapita bila kunawa warudishe.

Upande wa chakula chenyewe, meli zinazotia nanga Marekani zinakaguliwa na watu wa CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, wana mpango wao maalumu wa meli tangu miaka ya 1970, wanakuja bila kukuambia. Alama ni kati ya 100 na ukipata 85 kushuka chini umefeli, na matokeo yanawekwa wazi kila mtu anayaona, ingiza jina la meli yako utaona. Chakula cha moto lazima kikae nyuzi 57 au zaidi, cha baridi 5 au chini, na nakuambia kwenye bafe tulikuwa tunatembea na kipimajoto mfukoni kama daktari. Wakiona wagonjwa wanaongezeka melini, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuwanyang'anya abiria makoleo, wafanyakazi ndio wanawachotea. Ukiona hivyo siku ya tatu ya safari ujue kuna kitu, nawa mara mbili.

Sasa tuje kwenye chenyewe. Watu wanadhani tofauti ya bafe na ukumbi ni chakula, kwamba huku cha watu na kule cha wafalme. Sio. Usiku vyakula kadhaa vya ukumbini utavikuta bafe pia, supu ile ile, nyama ile ile, ila kule imelala kwenye trei na huku imepangwa kwenye sahani. Tofauti ni nani anashika saa na nani anashika sahani. Bafe unashika wewe vyote viwili, unaingia saa unayotaka, unachota unachotaka kwa wingi unaotaka. Ukumbini saa wanashika wao na sahani wanashika wao. Kwa nini zipo zile awamu mbili? Kwa sababu meli ina watu elfu tatu, nne, na ukumbi hauwezi kuwakalisha wote pamoja, basi nusu wanaingia kama saa kumi na mbili jioni, wanatoka, meza zinabadilishwa vitambaa mbio mbio, nusu nyingine wanaingia saa mbili na robo. Nyuma ya ule mlango wa jikoni ni kama kiwandani, wapishi wamesimama mstari mmoja, huyu anaweka samaki, huyu viazi, huyu sosi, anafunika na kifuniko, weita anapanga sahani kumi na kitu kwenye trei moja anaibeba begani anapandisha ngazi, na meli inayumba. (Bega langu la kulia mpaka leo likipata baridi linanikumbusha.)

Na hapa ndipo kile kitu ulichokiandika bila kukiona. Umeandika "vidonge" na umeandika "8:15" kwenye ujumbe mmoja.

Dada, vidonge vya kisukari sio vyote sawa. Kama mama anatumia metformin peke yake, hiyo kwa kawaida haishushi sukari mpaka ikapitiliza. Lakini wazee wetu wengi wa nyumbani wanapewa glibenklamidi, au ndugu zake kama glimepiride na gliclazide, na hivi vinakamua kongosho litoe insulini, chakula kije kisije. Mtu ameshameza kidonge chake kwa mazoea ya nyumbani, Tanga anakula saa moja, mbili kasoro, halafu huku ameketi mezani saa mbili na robo, menyu inasomwa, oda inachukuliwa, supu inakuja saa tatu kasoro ishirini, nyama saa tatu. Na mchana ametembea juani Cozumel. Hapo sukari inashuka, kutetemeka, jasho la baridi, moyo mbio, kuongea ovyo. Nimeliona kwa macho yangu. Mama mmoja wa meza yangu, awamu ya pili, kati ya mkate na supu, nikaona anashika glasi ya maji na haimfiki mdomoni. Binti yake anadhani ni mawimbi. Nilimletea juisi ya machungwa nusu glasi, nikasimama pale mpaka akainywa, baada ya robo saa akaanza kututania. Tangu hapo mzee yeyote mwenye kisukari aliyekaa meza yangu mkate ulikuwa unamfika kabla sijasema hata karibu.

Kwa hiyo kwa mama, 8:15 ifute kabisa. Na kabla sijasahau, mama akiona 8:15 kwenye simu asije akaielewa saa nane na robo akasubiri, yameshatokea, msicheke. Chagua ile ya 6:00, au kama meli yako ina ule mpangilio wa kuingia muda wowote chagua huo, ndio naoupenda zaidi kwenu, kwa sababu Desemba jua linazama mapema, mnaweza kuswali magharibi kwa utulivu kabini halafu mkashuka kama saa kumi na mbili na nusu, badala ya kukimbizana na awamu. Tatizo lake ni kwamba mpangilio huo mara nyingine haukupi weita yule yule kila siku, unakalishwa popote. Omba siku ya kwanza, nenda kwa msimamizi wa ukumbi, mwambie tuna mzee mwenye kisukari na anakula halali tunaomba eneo lile lile kila usiku, wanakubali mara nyingi. Na omba meza yenu wenyewe ya watu watano, sio ya kuchanganywa na wageni.

Saa zenyewe ziangalie pia. Cozumel na Costa Maya wakati wa Desemba ziko saa moja mbele ya Galveston, Roatán iko sawa na Galveston, na meli ina saa yake inayotangazwa. Simu yako itajibadilisha yenyewe ukishuka bandarini, ya mama pengine isibadilike, mkajikuta kila mtu na saa yake. Mnunulie mama saa ya mkono ya bei ndogo, iweke saa ya meli, vidonge na chakula vyote vifuate hiyo.

Sahani sasa, kwa mgonjwa wa sukari. Hapa nitakuwa mkweli maana kila upande una lake. Bafe inakufanya ule zaidi na sio ulafi, ni maumbile, ulimi unachoka na ladha moja kabla tumbo halijajaa, ukibadilisha ladha hamu inaamka upya, ndio maana umeshiba pilau lakini ukiona kaimati unapata nafasi. Bafe ina vyakula hamsini, hamu inaamka mara hamsini. Halafu sahani zenyewe ni kubwa, za umbo la yai, kwenye meli zote nilizofanya kazi zilikuwa hivyo. Ukumbini samaki ni kama kiganja, mboga kidogo, wanga kijiko kimoja kikubwa, unakula taratibu saa nzima na nusu, mwili unapata muda wa kusema nimetosheka. Lakini bafe nayo ina faida yake kwa mama, anakiona chakula kabla hajakichukua, anaona hiki ni wali, hiki ni dengu, hakuna sosi ya kujificha yenye sukari, na akiwa na njaa anakula dakika hiyo hiyo. Kwa hiyo mama akijisikia vibaya au mmechelewa kurudi kutoka matembezini, msisubiri ukumbi kwa heshima, pandeni bafe. Ila asibebe sahani mwenyewe, meli ikiyumba mzee ana sahani mkono mmoja na glasi mkono mwingine hana pa kushika. Mmoja wenu abebe, au mwite mfanyakazi, tulikuwa tunafanya hivyo kila siku bila noma.

Halali ndiyo inayonifanya nikusukume ukumbini kuliko kitu kingine chochote. Usidhani nyama ya kwenye meli za Marekani ni halali, kwa kawaida sio, mpaka mpange nao mapema. Waandikie sasa hivi, kuna dawati la mahitaji maalumu, wengine wanataka siku 30 au zaidi kabla ya safari, uliza waziwazi wanaweza kuleta nyama halali au hapana, wakikujibu kwa maneno ya kuzunguka chukulia hapana. Bafe hata kama kuku angekuwa halali, koleo limetoka kwenye bekoni asubuhi, limeanguka, mtu kaliweka kwenye kuku, hakuna anayeangalia. Na nguruwe amejificha kweli, kwenye maharage ya kuchemsha, kwenye jelatini ya keki na visahani vya utamu, kwenye supu ya njegere, na mvinyo uko kwenye masosi ya nyama. Ukumbini kuna utaratibu mzuri ambao watu hawautumii, mkuu wa maweita anakuletea menyu ya kesho usiku huu, unachagua leo, jikoni wanapika cha mama pembeni. Samaki wa kuokwa bila sosi, mboga, dengu. Na kwenye meli nyingi kuna chakula cha Kihindi cha mboga kila usiku hata kama hakijaandikwa mbele, mama wa Tanga mpe dengu na chapati anajiona yuko Ngamiani. Kupangiwa hivyo bafe ni vigumu, huko hakuna mtu mmoja anayekujua kwa jina.

Watoto wako ndio watakaokushinda, sio mama. Wa miaka 6 hawezi kukaa saa na nusu akisubiri keki. Mwambie weita usiku wa kwanza tu, cha watoto kije pamoja na supu yetu, tulikuwa tunapenda kuambiwa hivyo maana mtoto mwenye njaa anaharibu meza nne. Baadaye baba anaweza kuwapeleka klabu ya watoto nyie mkabaki na mama mnamalizia chai. Usiku mwingine wapelekeni bafe wale piza zao, wala msijisikie mmepoteza kitu, kwanza bafe ya usiku ni tulivu kuliko ya mchana, watu wengi wako ukumbini, unapata meza ya dirishani. Mchana wa kupanda meli ndio usiende, yaani nusu ya abiria wote wanakwenda pale na mabegi yao ya mgongoni, ni stendi ya mabasi siku ya sikukuu. Uliza siku hiyo kama kuna ukumbi umefunguliwa mchana, mara nyingine upo na hauna watu.

Na kuyumba. Bafe kwa kawaida iko juu kabisa karibu na bwawa, ukumbi uko chini, mara nyingi nyuma. Juu unayumba zaidi, chini kidogo. Ghuba ya Meksiko Desemba pepo za kaskazini zikishuka unaweza kupata usiku wa kwanza mbaya, siku hiyo ukumbini mama atatulia zaidi, na omba meza ya upande wa katikati ya meli.

Ningekuwa mimi ndiye nawapangia: usiku wa kwanza ukumbini hata kama mmechoka, kwa sababu ndio usiku wa kuelewana na weita kuhusu halali na sukari. Siku za baharini ukumbini, na zile usiku mbili za kupendeza. Siku za Roatán na bandari nyingine mtarudi mmechoka na mchanga miguuni, angalieni mama anasemaje, bafe inatosha kabisa, samaki wa kuokwa, saladi, tunda, na mchukue vile vinavyochotwa na mfanyakazi mwenyewe pale kaunta. Hakuna anayewafungia, kutotokea ukumbini usiku mmoja sio kosa, ila mwambie weita jana yake kwa sababu cha mama kimeshapikwa pembeni.

Kuna mambo ambayo mimi sio mtu wake, na hayo usiyamalizie kwenye simu. Mpeleke mama kwa daktari hapo Dallas kabla ya safari na vidonge vyake vyote mkononi, uliza vitatu: kidonge kipi kinaweza kumshusha sukari, anywe saa ngapi chakula kikichelewa, na akianza kutapika au kuharisha kipi aache na kipi aendelee. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kisukari na kuishiwa maji mwilini havikai pamoja. Akitapika mara ya kwanza melini msimpeleke bafe wala ukumbini, pigeni simu kituo cha afya cha meli hapo hapo, na bima ya safari muwe nayo maana daktari wa meli analipiwa na bili yake inauma. Kipimo cha mama cha kutoka nyumbani kinasoma milimoli, madaktari wa huku wanasoma miligramu, usichanganyikiwe, unazidisha kwa 18, yaani 3.9 ya mama ni 70 yao, na chini ya hapo sukari imeshuka, anywe juisi nusu glasi, mpime tena baada ya dakika 15. Akizimia au hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, ita msaada. Na visa ya mama, hili sio la chakula lakini sitaweza kulala: meli ikienda Meksiko na Honduras ikirudi anahesabika anaingia Marekani upya, hakikisha ni visa ya kuingia zaidi ya mara moja, kama una wasiwasi muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjamalizia malipo.

Siku ya kupanda, vidonge vya mama, kipimo chake na pakiti ya biskuti vikae kwenye mkoba wake wa begani. Mabegi makubwa yanachukuliwa na wapagazi pale chini bandarini na yanaweza kufika kabini jioni kabisa, mara nyingine nyie mko tayari mezani. Nguo ya usiku wa kwanza nayo ibebeni mkononi, nimeshapokea familia nzima ukumbini wamevaa fulana za safarini, niliwakalisha, hakuna aliyewafukuza.

Na mumeo mwambie hivi, usiku wa kupendeza wa pili uliza weita kama kuna kamba koche. Kwa kawaida ukumbini wanakuwepo, bafe hawapandishwi.